Mafuta ya Ng'ombe kwa Bunduki ya Papa

Enzi zetu, siye watoto wa Bunia wa ile miaka ambayo vita vilikuwa vimekwisha mdomoni lakini si rohoni, mtoto alijua mafuta kwa pua. Ungemfunga macho, ukampitishia chupa, naye angekuambia: hii mawese, hii ya taa, hii ya motokari imeshatumika, hii ya mashini ya kushona. Watoto wa leo wanajua mafuta yenye picha ya mwanamke mweupe kwenye kopo, na hata hayo wanayaagiza kwa simu wakiwa wamelala. Sasa ninauza mafuta sokoni, na wateja hunisifu kwamba sihitaji kufungua kizibo ili kujua kilichomo. Sijawahi kuwaambia nilijifunzia wapi. Nilijifunzia kwenye bunduki ya Papa, baba yangu.

Nikisema hivyo mbele ya wanangu wanaacha kula, wananitazama. Nyinyi wa umri wangu nisaidieni, maana mimi mwenyewe siku hizi nashangaa kama ni kweli. Bunduki ilikaa chini ya kitanda tulicholalia mimi na mdogo wangu, imefungwa katika kitenge cha zamani cha Mama. Tulilala juu yake usingizi mzuri kabisa. Asubuhi tukitafuta kandambili tunaipapasa, tunaisogeza kando, tunakwenda masomo. Mtoto wetu wa majani ya mgomba, yule tuliyembeba mgongoni kama mama wa kweli, naye tulikuwa tunamlaza pale pale, kichwa chake kwenye kile kitenge, tunamwambia nyamaza, lala. Mungu wangu. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeona ajabu.

Na mjue kwamba tulikuwa na furaha. Tulicheza nzango mpaka vumbi jekundu linapanda magotini, wasichana mistari miwili, makofi, wimbo, unaruka unatoa mguu, mwenzako anatoa wake. Tulikula maharagwe yaliyoungwa kwa mawese, na siku samaki wa Mahagi-Port alipofika, avenyi nzima, yaani mtaa wote, ilijua ni nyumba gani imepata. Mwenzangu wa nzango alikuwa Vive, mtoto wa jirani, paseli yao, yaani kiwanja chao, na yetu ilitenganishwa na ua wa miti tu. Katika ule ua kulikuwa na tundu ambalo mama yake alipitia kuja kuomba chumvi, na Koko, yaani mama mzaa Papa, alipitia kwenda kusema maneno ya watu. Wao walikuwa wakulima, asili yao upande wa Djugu. Siye tulikuwa watu wa ng'ombe. Mbele ya vita sikujua kwamba hizo ni habari mbili tofauti.

Vita vilipoingia mjini, wao walikimbilia Fataki, siye tukakimbilia Marabo. Tuliporudi, nyumba ilikuwa kuta tupu, hata milango walibeba. Mama alililia sahani. Papa alililia mabati. Koko alililia kibuyu chake cha kusukia maziwa, cha kuyatikisa mpaka yatoe mafuta, kile alichopewa siku ya ndoa yake, cheusi kwa moshi, chenye harufu ya miaka. Ng'ombe tuliyebaki naye alikuwa mmoja, Bahati, na maziwa yake tukaanza kuyasuka katika bido, dumu la plastiki la manjano. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nasuka, nasuka, mikono inauma, na Koko amekaa kando ananung'unika: "Mafuta ya bido haiko mafuta. Iko tu maziwa yenye ilikasirika."

Sasa hiyo bunduki. Ilikuwa ya babu, ya kuwindia nyati, ya mti na chuma, ya kutia risasi moja moja. Papa, aliyekuwa muuza majembe na sabuni, hakuwahi kupiga nayo hata kuku. Lakini kule Marabo wakati wa vita aliketi nayo mlangoni, na vita vilipokwisha hakujua namna ya kuiacha. Radio ilisema kila siku watu warudishe silaha kwa wale askari wa kigeni wenye magari meupe. Papa alisikiliza mpaka mwisho, akazima, akasema: "Tutarudisha siku bale batarudisha." Bale, yaani wale wa upande wa kina Vive. Na ninaamini kule walikokimbilia, kulikuwa na papa mwingine aliyezima radio yake na kusema maneno yale yale. Ndivyo ile bunduki ilivyobaki chini ya kitanda changu wakati watu wazima wanangojana.

Ugonjwa wake ulikuwa kwenye kilasi. Kilasi ni kile chuma chenye mkono, unakivuta nyuma na kukisukuma mbele ili risasi ikae mahali pake. Kama kilasi hakitembei, bunduki ni fimbo. Kile chetu kilikuwa kinashika kutu, na papa wote wa avenyi, ambao jioni wangetakiwa kuzungumza mpira au bei ya maharagwe, walizungumza mafuta ya kilasi. Kweli nawaambia, kwa sauti, na bia mkononi, na siye watoto tukisikiliza.

Papa Matayo, jirani wa upande wa barabara, dereva wa lori, alileta mafuta yake ya motokari, meusi, yaliyokwisha kufanya kazi. Kilasi kikateleza siku mbili, halafu vumbi la Bunia likanasa, kikaanza kusaga kama mtu anatafuna bugali yenye mchanga. Papa akajaribu mafuta ya taa. Yakaosha vizuri, yakakauka, kutu ikarudi na ndugu zake. Akajaribu mawese, na hiyo nakumbuka kwa aibu, kwa sababu bunduki ilinukia maharagwe na mimi nikilala nasikia njaa. Mawese yakawa mazito, panya wakaja kulamba. Iliyokuwa inafaa, kila mtu alijua, ni mafuta mepesi ya mashini ya kushona, na Mama alikuwa nayo, kichupa kimoja kilichovuka ziwa mpaka Mahagi-Port kabla ya kumfikia. Papa alimwomba kwa upole. Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye nguo aliyokuwa anashona. "Mashini inatulisha," alisema. "Ile yako inakula tu."

Ajabu iliyonimaliza kabisa, nikiikumbuka leo, ni ya masomo. Metresi, mwalimu wetu wa ya tatu primaire, yaani darasa la tatu, alituuliza siku moja matumizi ya mafuta. Mmoja akasema kupika. Mwingine kupakala mwili. Mwingine kuwasha taa. Halafu mtoto wa benchi ya mbele, mdogo, pua inatoka kamasi, akasimama vizuri kama tulivyofundishwa, akasema: "Kupakala bunduki." Hakuna aliyecheka. Metresi akasema vizuri, kaa, akaandika ubaoni chini ya kuwasha taa, nasi tukanakili kwa mwandiko wetu mzuri. Nani kati yenu hakuwa na darasa kama lile?

Jambo likageuka pale maneno ya wezi wa ng'ombe yalipoanza. Walisema wanakuja alfajiri, ukungu ukiwa chini. Wengine walisema si wezi, ni "bale", wanarudi. Papa wa avenyi wakapatana kwamba kila nyumba itakuwa na mtu wa kuamka na silaha. Na Papa wetu alikuwa karibu kwenda Marabo kununua maharagwe ya kuuza, siku kadhaa. Kwa hiyo akamwita kaka yetu mkubwa, yaya Dieudo, akamfundisha kuvuta kilasi.

Yaya Dieudo ndevu zilikuwa hazijamtoka bado. Alikuwa mtu mzuri, anagawa kila kitu, lakini roho yake ilikuwa ya haraka. Alishindwa mpira siku moja akachoma ballon yake mwenyewe kwa kisu. Alimpiga jiwe mbwa wetu usiku akidhani ni fisi, na mbwa akatembea na miguu mitatu mpaka kufa. Nilimwona Koko akimtazama akiwa amebeba ile bunduki uani, anajipima, anafunga jicho moja. Mikono yake, ambayo siku zote haikutulia, ilikuwa imetulia.

Jioni ile alimwambia Papa: "Mafuta ya ile kitu, mi nitachagua."

Papa akacheka. Koko hakucheka. Alileta mafuta ya ng'ombe, yale yangu ya bido, akakaa chini na bunduki mapajani. "Kwetu, mutoto akizaliwa anapakaliwa mafuta ya ng'ombe. Bibi arusi anapakaliwa. Ngoma inapakaliwa. Kitu ya nyumba inapakaliwa mafuta ya nyumba. Juu ya nini hii munapakala ya garaji?" Nani angebishana na mama yake kwa jambo la desturi? Akakipaka kile kilasi mafuta mengi, kwa kidole, katika kila pango, polepole, kama vile alivyotupaka siye masikioni. Papa akajaribu kesho yake jua likiwa limewaka. Kilasi kikaenda mbele na nyuma kama samaki mkononi. Akasema wazee wana akili. Akaenda Marabo na moyo mweupe.

Toka hapo kila jioni Koko aliipaka tena, na mabaki aliyapangusa kwenye vichwa vyetu. Tulikwenda ibada Jumapili tukinukia bunduki. Au bunduki ilinukia siye, sijui.

Bunia kuna baridi asubuhi, nyinyi mnajua, siyo baridi ya kuchezea. Koko alikuwa anaamka mbele ya wote, anakaa nje kwenye kigoda karibu na Bahati, blanketi mabegani. Sisi tulidhani ni uzee, wazee hawalali. Asubuhi ile niliamka kumsaidia kukama. Nimeshika bido, vidole vimekufa ganzi, ukungu umekula hata ua. Nikasikia miti ya ua inalia. Mtu alikuwa anainama kupita katika lile tundu.

Mlango wa nyumba ukafunguka na yaya Dieudo akatoka, miguu mitupu, bunduki mikononi. Hakuuliza nani. Aliinua, akavuta kilasi. Ile sauti yake niliijua kama sauti ya mlango wetu, na haikuja. Akavuta kwa mikono miwili. Akapiga kile chuma kwa kiganja, akapiga tena, ngozi ikachubuka. Alikuwa analia bila kujua. "Koko, inakatala," alisema. "Koko, inakatala."

Koko hakupiga kelele. Alisimama, blanketi likaanguka, akatembea mpaka katikati, kati ya bunduki na ua, akauliza kwa sauti ya kila siku: "Nani uko pale?"

Ukungu ukajibu: "Ni miye, Mama. Mama Vive. Nilikuletea kibuyu yako."

Alikuwa ametembea kutoka Fataki, anajificha mchana, anaogopa kuonekana katika avenyi yake mwenyewe. Siku ya kukimbia alipitia jikoni kwetu, akaona wezi watakivunja tu kwa sababu hakina faida kwao, akakifunga mgongoni juu ya mtoto. Alikitunza muda wote ule. Aliposikia radio inasema amani, alisema kitu cha kwanza nitarudisha kibuyu cha yule mama, nitajua kama amani iko. Sasa alikuwa amesimama mbele yetu amekishika kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa yameona bunduki. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Akakaa chini pale pale kwenye matope, kibuyu mapajani. Yaya Dieudo naye akakaa chini. Mimi nilibaki na bido langu, na nakumbuka mkojo ulinitoka, nilikuwa msichana mkubwa wa ya tatu primaire.

"Pole na safari," Koko alimwambia, kama mtu ametoka sokoni. Akampa maziwa ya moto ya Bahati. Halafu akachukua mafuta ya ng'ombe, akampaka miguu iliyovimba, mmoja, na wa pili, na vidole vyake. Alipomaliza akaenda kwa yaya Dieudo, akamfungua vidole kwenye kile chuma, akampaka kiganja kilichochubuka. Nikamuuliza Mama Vive, Vive yuko wapi. Akasema yuko hai, amekuwa mrefu, anauliza juu yako. Ndipo nikaanza kulia, na nililia mpaka Mama akanifunga kitambaa kichwani kama mgonjwa.

Papa alirudi na maharagwe yake, akapewa habari yote, akakaa. Halafu akaiendea bunduki. Ilikuwa mchana, jua liko juu. Akavuta kilasi na kikaja, laini, kama samaki. Akasukuma, kikaenda. Alimtazama yaya Dieudo, akatazama chuma, akamtazama tena. "Inatembea," alisema. "Mbona inatembea?"

"Sasa iko joto," Koko alisema. Alikuwa anachagua mchele, hakuacha. "Asubuhi inaganda. Papa yako alilala juu ya muti, nyati iko chini, bunduki inakatala, sababu ya hii mafuta. Miye ndiye nilimupakalia. Alirudi nyumbani alinitukana mpaka jua kuingia. Mi najua hii mafuta."

Koko wetu, anayetuombea kabla ya chai, alikuwa ameiua bunduki ya mwanawe kila jioni mbele ya macho yetu wote, huku anaimba.

"Mama," Papa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "kama ilikuwa mwizi?"

"Angechukua ng'ombe. Ng'ombe inazaa."

"Na kama ilikuwa mutu ya kutuua?"

Hapo ndipo alipoacha mchele. "Ile ndiyo sababu nilikuwa nakaa inje," alisema. "Angenikuta miye kwanza."

Papa alipangusa uso kwa kitambaa cha mafuta bila kuona ni kitambaa gani. Kesho yake aliifunga bunduki katika kitenge cha Mama, akaibeba begani mbele ya avenyi yote, akaipeleka kwenye magari meupe. Hakuwangoja wale. Papa Matayo alimcheka, akamwita mwanamke. Wiki chache baadaye naye alibeba yake, kabla jua halijatoka ili asionekane. Mimi na mdogo wangu tulikosa usingizi siku za kwanza, kitanda kilikuwa kama kimepotelewa na mtu.

Mama Vive alirudi na watoto wake, tukacheza nzango tena, na Koko akasuka maziwa katika kibuyu chake mpaka alipozikwa. Yaya Dieudo leo ana karakana ya pikipiki, mikono imejaa grisi, na mtoto akilia tu karibu naye anaacha kazi. Vive aliolewa akarudi kulima Fataki, shamba zuri, akakimbia tena, akarudi, akakimbia. Sasa yuko na wanawe chini ya turubai nje ya mji. Nilipokwenda kumwona tulijaribu kuruka nzango mbele ya watoto, tukacheka mpaka mbavu, na watoto wetu wakatupiga picha kwa simu. Wao hawaijui. Wanajua kucheza kwa vidole gumba.

Najua tunasema enzi zetu, enzi zetu, kana kwamba ilikuwa asali. Ilikuwa asali na ilikuwa sumu, katika kikombe kimoja. Lakini enzi zetu jambo baya lilisemwa kwa sauti, papa wanabishana uani, na bibi mzee akisikia aliweza kuingiza mkono wake. Leo kila kijana ana lake masikioni, anatikisa kichwa, hujui ni wimbo au ni nini.

Juzi alikuja mmoja kwenye meza yangu. Viatu vyeupe, nywele zimechorwa, simu mkononi. Namjua, mama yake anauza mandazi nyuma ya soko. Aliinama karibu, akaniuliza kama nina mafuta ya chuma.

"Chuma gani, mutoto wangu?"

"Chuma tu, mama. Ile inatembea mbele na nyuma."

"Ya mashini ya kushona?"

Akatazama pembeni. "Ile haigandi asubuhi."

Kijana huyu alizaliwa baada ya bunduki ya Papa kuondoka. Niliona miguu ya Mama Vive katika ukungu, naapa, pale sokoni, saa sita mchana. Kichupa cha mafuta ya mashini kilikuwa mbele yangu, kati yake na mimi. Nikakiruka. Nikaingiza mkono chini ya meza, mahali ninapoweka kibuyu cha Koko kwa ajili ya wenye watoto wachanga.

"Mama, si mafuta ya ng'ombe hii?"

"Ndiyo. Papa yangu alikuwa nayo ya babu, ya nyati. Tulipakala hii tu."

Aliamini, kwa sababu ni kweli. Nikamfungia katika sachet, nikakataa pesa yake, na mabaki ya kidole nikayapangusa kwenye paji la uso wake. Alicheka, akajifuta kwa mkono wa shati, akapotea katikati ya watu. Tangu siku ile naamka mbele ya wote nyumbani, ukungu ukiwa bado chini, natoa kigoda, nakaa nje.